Maisha ndani ya meli ya abiria inayovuka bahari kuu: majibu ya maswali ninayoulizwa sana hapa Tanga

Nilifanya kazi ya kuhudumia vyumba katika meli za abiria kwa miaka saba, na katika miaka hiyo nilivuka Bahari ya Atlantiki mara kumi na moja. Tangu nirejee nyumbani Chumbageni, haupiti mwezi bila kijana, au mama wa kijana, kuja barazani na maswali. Wengine ni watu wenye jamaa Ulaya au Marekani wanaotaka kusafiri kama abiria, na hao huuliza mambo tofauti kabisa. Hapa nimeyakusanya yale yanayojirudia. Msomaji ataona kwamba sehemu kubwa ya majibu yangu inahusu saa na wala si mawimbi, ingawa karibu kila mtu huanza kwa kuniuliza habari za mawimbi.

Je, meli ya utalii na meli ya kuvuka bahari ni kitu kimoja?

Kwa jicho la mtu aliyesimama gatini zinafanana, lakini hazikuundwa kwa kazi moja. Meli nyingi za utalii hutembea pwani kwa pwani: usiku zinasafiri, asubuhi zinaingia bandarini, abiria wanashuka kutembea. Hizi huvuka bahari kuu mara chache tu kwa mwaka, pale zinapohamishwa kufuata hali ya hewa, kwa mfano kutoka visiwa vya Karibi kwenda Mediterania majira ya kiangazi ya Ulaya yanapokaribia, na kurudi yanapokwisha. Mabaharia wetu wa zamani waliosubiri kaskazi kuja huku na kusi kurudi wangeielewa hesabu hiyo mara moja.

Meli iliyoundwa mahsusi kwa kuvuka ni kitu kingine. Inayojulikana zaidi leo ni Queen Mary 2, iliyoanza kazi mwaka 2004, ambayo hufanya safari za kawaida kati ya Southampton, Uingereza, na New York. Ina urefu wa mita 345, yaani inazidi viwanja vitatu vya mpira kama cha Mkwakwani vikiunganishwa kwa urefu. Bati la mwili wake ni nene zaidi, omo yake, yaani sehemu ya mbele, ni ndefu na imechongoka ili ipasue wimbi, na ina uwezo wa kwenda karibu maili za bahari 30 kwa saa inapohitajika.

Safari huchukua siku ngapi?

Kati ya Southampton na New York, mwendo wa maili za bahari zaidi ya 3,000, safari ya kawaida siku hizi ni usiku saba. Njia ya kusini, kwa mfano kutoka Florida hadi bandari za Mediterania, huchukua takriban wiki mbili, kwa kuwa meli husimama njiani katika visiwa kama Azores au Madeira na baadaye katika bandari za Hispania.

Hesabu hiyo ya usiku saba, hata hivyo, inaficha jambo ambalo abiria wa ndege halijui. Tofauti ya saa kati ya Southampton na New York ni saa tano, na meli haiwezi kuzibadilisha zote kwa mkupuo mmoja kama afanyavyo mtu anayeshuka uwanja wa ndege. Kwenda magharibi, saa ya meli hurudishwa nyuma kwa saa moja katika usiku mitano kati ya hiyo saba, hivyo siku tano za safari huwa na saa 25 kila moja. Kurudi mashariki mambo hugeuka: siku tano huwa na saa 23. Baadhi ya meli husogeza saa adhuhuri badala ya usiku wa manane, ili abiria wasidhulumiwe usingizi wao; saa sita mchana inageuka saa saba papo hapo, na chakula cha mchana kinakukimbia.

Kwa mfanyakazi hili si jambo dogo hata kidogo. Ukienda magharibi unapewa saa ya kulala bure, mara tano. Ukirudi, saa hiyo hiyo unanyang'anywa, mara tano, na asubuhi abiria hawataki kujua. Sisi tulizitambua safari kwa uso wa mtu: ukimkuta mwenzako ukumbini anacheka, mnakwenda New York.

Abiria hufanya nini siku zote hizo bila kuona nchi kavu?

Hula, husoma, hulala, husikiliza mihadhara na muziki, huzunguka sitaha ya nje kwa miguu na kuhesabu mizunguko. Kuna maktaba, ukumbi wa maonyesho, bwawa la kuogelea na maduka. Siku ya kwanza abiria huwa na pupa ya kufanya kila kitu, na siku ya nne wengi wamekaa kwenye viti vya uvivu wamejifunika blanketi, wakitazama maji tu. Wachache huchoshwa, hasa wasiojua kukaa na nafsi zao.

Kutazama maji si kazi ya bure. Karibu na Newfoundland, kisiwa cha Kanada, mkondo wa maji baridi unaotoka Labrador hukutana na mkondo wa maji moto wa Ghuba, na hapo ukungu hutanda mzito kiasi kwamba kutoka ubavuni hulioni wimbi lililo chini yako. Meli inayokwenda hupiga honi mlio mmoja mrefu, kwa vipindi visivyozidi dakika mbili, usiku kucha ikibidi. Na usiku ukiwa safi, mtu wa Tanga huiona nyota ya Kaskazini ikiwa imepanda nusu ya anga, nyota ambayo hapa kwetu, kusini kidogo ya ikweta, haionekani kabisa.

Na wafanyakazi wanaishije?

Chini. Vyumba vya wafanyakazi wengi viko katika sitaha za chini, vingi havina dirisha, na baadhi viko chini ya mstari wa maji. Vya daraja langu vilikuwa vya watu wawili, kitanda juu ya kitanda, na kabati lililotosha nguo za mtu mmoja na nusu. Sitaha moja ya chini ina ushoroba mpana unaopita meli nzima kutoka tezi, yaani nyuma, hadi omo, ambamo mikokoteni ya mizigo, wapishi, mafundi na wacheza dansi hupishana saa zote. Katika meli nyingi huitwa I-95, jina la barabara kuu ya Marekani. Abiria anaweza kusafiri wiki nzima bila kujua kwamba barabara hiyo ipo chini ya zulia lake.

Watu hudhani kwamba siku za bahari kuu ni za mapumziko kwetu, kwa kuwa hakuna bandari. Ni kinyume. Siku ya bandarini abiria hushuka, nawe unavifanya vyumba kwa utulivu na kupata nafasi ya kulala mchana. Siku ya bahari kuu hakuna anayeshuka. Vyumba vinakaliwa, milango imetundikwa vibao vya kuomba wasisumbuliwe hadi saa tano, kisha wote wanataka taulo kwa wakati mmoja. Migahawa hujaa milo yote. Siku sita za aina hiyo mfululizo ndizo zinazomvunja mtu, kuliko dhoruba yoyote niliyowahi kuiona.

Sheria ipo. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulio chini ya Shirika la Kazi Duniani, unamtaka mwenye meli ahakikishe kwamba kazi haizidi saa 14 kwa siku wala saa 72 kwa wiki, au kwamba mapumziko hayapungui saa 10 kwa siku na saa 77 kwa wiki. Mapumziko hayo ya siku yanaweza kugawanywa katika sehemu zisizozidi mbili, na sehemu moja lazima iwe angalau saa sita mfululizo. Kijana akariri tarakimu hizo kabla hajasaini chochote, na kila mwezi aisome karatasi yake ya saa kabla ya kuitia sahihi, kwa sababu ipo tabia ya kuandika saa zinazopendeza.

Bahari ikichafuka inakuwaje?

Meli kubwa haitupwi kama ngalawa inayotoka Pangani siku ya kusi kali, lakini inatikisika, na mtikisiko wake ni wa polepole na mrefu, unaomchanganya hata mtu aliyezoea vyombo vidogo. Kwenda mrama, yaani kulala ubavu huu kisha ule, hupunguzwa sana na mapezi mawili au zaidi yanayochomozwa kutoka pande za meli chini ya maji. Kupanda na kushuka kwa omo na tezi hakuna pezi la kukuzuia. Dawa yake ni nahodha kupunguza mwendo au kubadili njia, na mara nyingi hufanya hivyo siku mbili kabla, kwa kuwa taarifa za hali ya hewa humfikia mapema.

Kulevywa na bahari hutokana na mgongano wa habari: sikio la ndani linauambia ubongo kwamba unasogea, huku macho yaliyomo chumbani yanasema umetulia. Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kuyapa macho ukweli, yaani kwenda nje na kutazama upeo wa bahari. Ya pili ni kukaa katikati ya meli na chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Abiria anayelipa zaidi kwa chumba cha juu, mbele kabisa, ananunua mandhari pamoja na kichefuchefu. Tangawizi husaidia wengine, biskuti kavu pia, na vidonge vipo, ila vinatakiwa kumezwa kabla moyo haujaanza kuchafuka. Wengi hupona siku ya pili au ya tatu.

Je, haitazama?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na nalielewa. Watu wetu wanaikumbuka MV Bukoba ya mwaka 1996, Spice Islander ya mwaka 2011 iliyokuwa ikielekea Pemba, na MV Nyerere ya mwaka 2018. Hofu hiyo haitokani na ujinga.

Sheria kuu ya usalama wa maisha baharini inayotumika duniani ilizaliwa kutokana na msiba wa Atlantiki hiyo hiyo. Titanic ilipozama Aprili 1912 ilikuwa na watu wapatao 2,200, na boti zake za uokozi zilikuwa na nafasi za watu 1,178. Miaka miwili baadaye mataifa yalikubaliana sheria, ambayo imefanyiwa marekebisho mengi tangu wakati huo, na leo vyombo vya uokozi lazima vimtoshe kila mtu aliyemo. Tena meli ya abiria ya kimataifa hujua idadi kamili ya waliomo, kwa majina, kabla ya kung'oa nanga. Hapo ndipo penye tofauti kubwa kuliko ukubwa wa chombo.

Baada ya Costa Concordia kugonga mwamba pwani ya Italia Januari 2012 na watu 32 kufa, iliamuliwa kwamba mazoezi ya dharura ya abiria yafanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Zamani iliruhusiwa kuchelewa hadi saa 24. Ishara ya kukusanyika ni milio saba mifupi ikifuatiwa na mmoja mrefu. Abiria wengi huyaona mazoezi hayo kuwa usumbufu. Sisi wahudumu tuliyafanya kila wiki, pamoja na yale ya moto, kwa kuwa kinachoogopwa zaidi na watu wa melini ni moto.

Muislamu anasali vipi, na mwezi wa Ramadhani inakuwaje?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu baharini ndipo nilipolazimika kujua kibla kwa akili badala ya kukifuata kwa mazoea. Tanga kibla ni upande wa kaskazini, na mtoto hukijua kwa ukuta wa msikiti wa mtaani kwao. Ukiwa Southampton, Makka iko kusini-mashariki. Ukifika New York, njia fupi zaidi juu ya dunia kuelekea Makka huanzia kaskazini-mashariki. Kwa hiyo katika wiki moja ya kwenda magharibi, kibla chako huhama taratibu, kutoka kusini-mashariki, kupitia mashariki, hadi kaskazini-mashariki, na juu ya hayo meli yenyewe hugeuka. Runinga ya chumbani ina chaneli inayoonyesha mahali meli ilipo na inakoelekea. Nilikuwa naitazama, napiga hesabu, natandika mswala. Masheikh wetu hufundisha kwamba msafiri hujitahidi kadiri awezavyo, hufupisha sala za rakaa nne, na asiyeweza kusimama kwa sababu ya mtikisiko husali ameketi.

Nyakati za sala hufuata jua, wala hazifuati saa ya ukutani, na baharini vitu hivyo viwili huachana. Kwenda magharibi meli inalifuata jua, hivyo mfungaji hukaa na njaa takriban nusu saa zaidi ya ambavyo angekaa kama meli ingesimama. Kurudi mashariki jua linakuja kukulaki, na futari huwahi. Wenzangu wa Indonesia, ambao ni wengi katika meli hizi, walikuwa wakiandaa jedwali la kila siku na kulibandika kwenye mlango wa mesi, na mpishi wa wafanyakazi alitutunzia chakula cha daku. Msimamizi anaweza kukubadilishia zamu ukimwomba kwa adabu na mapema. Sala ya Ijumaa iliyoangukia saa za kazi haikuwezekana kila wiki, na sitamdanganya mtu kuhusu hilo.

Kwa Wakristo, ibada ya Jumapili huwapo kwa abiria, na kwenye meli nyingine nahodha mwenyewe ndiye huiongoza.

Chakula na maji hutoka wapi?

Chakula chote cha safari hupakiwa bandarini siku ya kuondoka, na jiko halizimwi usiku wala mchana. Abiria anayehitaji chakula halali amjulishe wakala wiki kadhaa kabla, asisubiri kufika mezani. Katika mesi ya wafanyakazi wali haukosekani, kwa kuwa Wafilipino, Waindonesia na Wahindi hawakubali mlo bila wali, na Mswahili hufaidika humo. Mbaazi za nazi sahau.

Maji ya kuoga na kunywa hutengenezwa melini kutokana na maji ya bahari, kwa kuyachemsha na kukusanya mvuke wake au kwa kuyasukuma kwa nguvu kwenye chujio laini sana linalozuia chumvi. Plastiki hairuhusiwi kutupwa baharini mahali popote duniani.

Mtu akiugua katikati ya bahari?

Meli yenye watu 100 au zaidi, iliyo katika safari ya kimataifa inayozidi siku tatu, lazima iwe na daktari. Kuna vitanda, dawa, mashine ya eksirei na uwezo wa kumtuliza mgonjwa mahututi. Lakini katikati ya Atlantiki helikopta ya kutoka nchi kavu haifiki, na kwa siku mbili tatu hivi daktari huyo ndiye hospitali yenu nzima. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo apime jambo hilo na daktari wake, na abiria yeyote awe na bima inayotaja usafiri wa meli, maana matibabu ya melini hulipiwa, na si bei ya hospitali yetu ya Bombo. Chumba cha kuhifadhia maiti pia kipo, na hutumika.

Simu na intaneti?

Zipo kwa satelaiti na zimekuwa bora mno tangu mwaka 2022, kampuni kubwa zilipoanza kutumia satelaiti za Starlink. Hulipiwa. Tatizo lililobaki ni lile lile la saa. Mama yangu alitaka nimpigie baada ya isha, saa mbili usiku ya Tanga. Wakati wa kiangazi hiyo ni saa kumi na mbili jioni Southampton, na ni saa saba mchana New York, na katikati hugeuka kila baada ya siku moja au mbili. Nilikuwa na karatasi ndani ya kofia.

Nibebe nguo gani?

Koti zito, hata mwezi Juni. Baridi ya Lushoto ya Julai haifui dafu mbele ya upepo wa Atlantiki ya Kaskazini. Abiria aulize pia kuhusu mavazi rasmi ya jioni, maana meli nyingine bado zinayashikilia.

Ninaweza kupandia meli hapa Tanga?

Hakuna ratiba ya kudumu ya namna hiyo. Bandari yetu imechimbwa, na zile siku za meli kutia nanga mbali huku matishari yakihangaika kupakua zimepita, lakini kazi yake ni shehena. Meli za utalii huonekana Zanzibar na Mombasa. Mwenye pasipoti ya Tanzania anayetaka kuvuka Atlantiki ataruka kwanza hadi Ulaya, na awe na viza ya Uingereza na ya Marekani mkononi kabla hajafika gatini. Kufika kwa njia ya bahari hakumpunguzii hata karatasi moja.

Kijana wangu anataka kazi hizo. Aanzie wapi?

Aanzie kwenye vyeti, asianzie kwa mtu anayemjua mtu. Mafunzo ya msingi ya usalama, yaani kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na wajibu wa baharia, hutolewa katika Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI. Masuala ya vyeti na kitabu cha baharia kwa Tanzania Bara yako chini ya TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Cheti cha afya cha baharia hudumu miaka miwili kwa mtu mzima. Anayefanya kazi kwenye njia ya Marekani huhitaji viza ya baharia, inayoitwa C1/D.

Sasa jambo ambalo lingeniokolea pesa. Ule mkataba wa mwaka 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Atagharamia cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli, na nauli ya kurudishwa nyumbani mkataba ukiisha pia ni juu ya mwenye meli. Mimi, kwa kutojua, nilimlipa wakala mmoja fedha za mauzo ya shamba la minazi la baba yangu kule Mkinga, nikasubiri miezi kumi, na kazi nikaja kuipata kwa njia nyingine isiyomhusu kabisa. Minazi haikurudi.

Mkifika ng'ambo mnaruhusiwa kushuka?

Afisa wa uhamiaji akikubali, ndiyo. Lakini siku ya kufika ndiyo siku ya kuondoka. Meli hufunga gatini alfajiri, abiria hushuka hadi saa nne hivi, na wapya huanza kupanda adhuhuri. Katikati ya hapo kila chumba lazima kivuliwe mashuka na kuvalishwa upya. Safari nyingi nilipata saa mbili za nchi kavu, za kununua sabuni na kadi ya simu na kusimama mahali pasipotikisika, na ajabu ni kwamba miguu huendelea kuyumba. Jioni hiyo hiyo tunang'oa nanga kurudi mashariki, na kesho yake saa zinaanza kukatwa.